Hadithi Iliyokataa Kupangwa

Feni ya duka la fotokopi ndiyo iliyoanza uchokozi. Ilikuwa mchana, duka limefurika: wanafunzi na vyeti vyao, makarani na mafaili yao, na mzee mmoja aliyeikataa picha yake ya pasipoti akidai kwamba yule si yeye. Mkunga alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye kaunta, sare yake nyeupe imekunjamana kwa zamu, sweta la buluu mabegani, mikono bado inanukia dawa ya kunawia. Aliweka rundo la karatasi juu ya kaunta ili atafute simu mkobani. Feni ikageuza shingo upande wake, na karatasi zote zikaruka.

"Jamani, msizikanyage! Tafadhali, msizikanyage!"

Wa kwanza kupiga magoti alikuwa mwanamume mrefu, shati lake limefungwa vifungo hadi kooni, kalamu zimejipanga mfukoni kama askari wa gwaride. Alikuwa mhariri katika kampuni ndogo ya vitabu, ghorofa ya juu ya jengo hilohilo. Aliziokota moja moja, akazigeuza huku na huku, akakunja uso.

"Dada, hizi hazina namba za kurasa."

"Najua."

"Sasa utajuaje ipi inatangulia na ipi inafuata?"

"Ningejua, ningeweka namba."

Mhariri alidhani anataniwa. Alimtazama usoni, akaona hataniwi. Karatasi aliyoishika ilieleza habari za mwanamke anayeshona sare za shule usiku kucha huku akimfundisha mdogo wake hesabu, miguu ikisukuma cherehani, mdomo ukihesabu. Alisoma aya ya kwanza, akasoma ya pili, watu wakimpita pembeni wakilalamika.

"Kaka, nipe karatasi zangu. Umeziba njia."

"Subiri kidogo. Huyu mshonaji alimkataa huyu bwana kwa nini?"

"Soma ukurasa unaofuata."

"Upi?"

Wakatazamana. Mkunga akaanza kucheka, kisha mhariri naye, na yule mzee wa pasipoti akasema, "Mnacheka nini wenzetu? Sogeeni basi tuhudumiwe."

Siku hiyo walikunywa chai kwenye mgahawa wa mkabala. Mkunga alimweleza kwamba tangu utotoni ana hadithi moja tu anayotaka kuiandika, na kwamba kila akiianza inamponyoka. Ana vipande vingi, kila kimoja kizuri kivyake, ila vikikaa pamoja havisemezani.

"Tatizo lako ni dogo," mhariri alisema, macho yakimng'aa kama mganga aliyeona ugonjwa anaoujua. "Huna mpango."

Mapenzi yao yalipita katika mlango huo. Nyumbani kwa mhariri kulikuwa na ukuta mzima uliobandikwa kadi: za buluu kwa mhusika mkuu, za njano kwa anayempinga, nyekundu kwa mahali mambo yanapoharibika. Mkunga alipoziona mara ya kwanza alisimama kimya, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya.

"Na hii riwaya yako imeisha lini?"

"Haijaanza. Nimeipanga tu."

"Tangu lini?"

Mhariri alikohoa. "Chai yako inapoa, laazizi."

Hakuwa mtu wa majivuno. Baba yake alikuwa mtu wa kuhamahama. Watoto walikuwa wakirudi kutoka shule wanakuta vyombo viko barazani na lori linawasubiri. Tangu hapo mhariri alijiapiza kwamba hatashtukizwa tena na maisha. Alipanga nguo zake za wiki, alipanga maneno kabla ya kupiga simu, na waandishi walimpenda kwa sababu aliweza kuichukua hadithi iliyovurugika akairudisha kwao imenyooka. Kumpenda mtu, kwake, ilikuwa ni kumtengenezea njia.

Mkunga alijaribu. Alinunua kadi, akazibandika juu ya kabati la vyombo. Zilipokataa, alijaribu kuandika kwanza maisha ya kila mhusika tangu kuzaliwa. Akapata watu waliojaa habari na wasio na jambo la kufanya. Alijaribu kuanzia mwisho akirudi nyuma, akapotea katikati.

"Leo umeandika?" mhariri aliuliza kwenye simu jioni moja.

"Nimepanga."

"Safi sana, roho yangu! Umefika wapi?"

"Nimezimaliza kadi zote. Sasa sina hamu tena. Ni kama mtu kanisimulia filamu yote nikiwa bado kwenye foleni ya tiketi."

"Huo ni uvivu, mpenzi."

"Njoo ukeshe wodi ya wazazi, halafu uniite mvivu tena."

"Basi, yaishe. Lakini nyumba haijengwi bila ramani."

"Na mimba ina tarehe, Bwana Mpango, ila mtoto ana siku yake."

Mhariri alicheka mpaka mkunga akaisogeza simu mbali na sikio. Jina hilo likamganda. Hata dada yake mkunga alikuwa akiuliza, "Bwana Mpango haji leo?"

Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki mkunga akiwa hajaanza shule, na dada mkubwa, msichana ambaye wenzake walikuwa wanachagua vitambaa vya harusi, akaingia kwenye viatu vya mama bila kuulizwa. Sasa kisukari kilikuwa kimemla macho na kimeanza kuzigusa figo. Alishinda kwenye kiti karibu na dirisha la chumba chao cha mbele, kanga mabegani, akiwatambua wapita njia kwa hatua zao. Mkunga alimwita Dada tu. Yeye alimwita mkunga Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yao.

Mhariri alimheshimu sana. Akija alimwamkia kwa adabu, akamsomea gazeti. Kitu kimoja tu hakukijua, kwa kuwa hakuambiwa: kwamba yule mshonaji wa kwenye karatasi hakubuniwa. Alikuwa ni Dada mwenyewe, aliyeketi pale dirishani.

Kosa lilitokea hapo. Mkunga alimpa mhariri rundo lake lote asome. Mhariri alisoma, akasoma tena, akashindwa kujizuia. Alijifungia nyumbani mwisho wa juma, akazipanga kurasa, akaunga palipokatika, akaandika mwenyewe sura zilizokosekana. Jumatatu akampelekea mkurugenzi wake. Mkurugenzi alipompigia kumsifu, mhariri hakuweza kungoja jioni. Alimpigia, simu ikamkuta mkunga anatoka kazini, pale kwenye geti la hospitali, katikati ya kelele za honi.

"Laazizi, keti chini kwanza."

"Nitaketi wapi, niko barabarani. Kuna nini?"

"Kitabu chako kinachapishwa!"

"Kitabu gani?"

"Chako! Nimekipanga, mpenzi. Nimekesha nacho. Tatizo lilikuwa mwanzo. Hakukuwa na kitu cha kumshika msomaji. Sasa kinaanza makaburini. Mshonaji anazikwa, mdogo mtu amesimama pembeni na sare ya shule mkononi, anakumbuka jinsi yule dada alivyokataa kuolewa kwa ajili yake. Mkurugenzi amelia. Nakwambia amelia!"

Mkunga alisimama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamgonga, akaomba radhi, akapita.

"Umemzika," alisema.

"Nani?"

"Dada yangu. Umemzika ukurasa wa kwanza."

"Dada yako? Mimi nimemzika mshon..." Sauti ya mhariri ikakatika. Aliona akilini, kwa mara ya kwanza, kile kilichokuwa mbele ya macho yake muda wote: cherehani iliyofunikwa kitambaa pembeni ya kile kiti cha dirishani. "Mungu wangu. Sikujua. Wallahi sikujua, nilidhani ni mhusika tu."

"Na hata angekuwa mhusika tu, nani alikutuma? Nilikupa usome. Nilisema nimaliziwe?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Mimi napokea watoto wa watu kila siku. Sijawahi kutoka na mtoto wa mtu nikasema ni wangu kwa sababu nimemsaidia mama."

Akakata simu. Alipofika nyumbani alibandua kadi juu ya kabati, akazitupa, na hakumwambia dada yake neno.

Lakini nani amfiche kitu mtu aliyemlea? Dada alizisikia siku zikipita bila hatua za Bwana Mpango barazani. Aliisikia simu ikiita kila jioni, ikiita mpaka inachoka. Alisikia pia kwamba kalamu haiandiki tena mezani.

"Mmegombania nini?" aliuliza siku moja mkunga akimwosha miguu kwenye beseni, akiikagua taratibu katikati ya vidole kutafuta kidonda, kama anavyofanyiwa mgonjwa wa kisukari.

"Hadithi."

"Watu wazima wanagombania hadithi? Hebu nisimulie hiyo hadithi, nijue nani mwenye kosa."

Mkunga alitaka kusema amechoka. Badala yake alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa ule mwanzo aliouhangaikia miaka yote. Alianza na cherehani iliyokatika mkanda usiku wa kuamkia kufunguliwa kwa shule, sare zimejaa kitandani, na msichana akishona zilizobaki kwa mkono mpaka vidole vikavimba.

"Enhe," dada alisema. "Mdogo mtu alikuwa wapi?"

Mkunga hakuwa amepanga kusema mdogo mtu alikuwa wapi. Ila aliulizwa, akajibu, na jibu likafungua chumba kingine. Dada akiguna, mkunga alijua hapo pana uongo. Dada akinyamaza na kusahau kuusogeza mguu, alijua hapo pameshika. Beseni likapoa. Mkunga alipomaliza alimfuta miguu haraka, akakimbilia mezani akaandika yale aliyoyasema, kwa mpangilio uleule, bila kuongeza lolote ambalo mdomo haukulitamka.

Kesho yake alisimulia tena, akaandika tena. Vile vipande vilivyokuwa havisemezani vilianza kuitana. Hakujua sura inayofuata ni ipi mpaka aketi karibu na kiti kile, na hilo halikumtisha tena. Lilimfanya awahi kurudi kutoka kazini. Alimweleza dada yake ugunduzi huo akiona haya, kama mtoto aliyeshika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Wenzangu wanapanga kwanza ndipo waandike. Mimi mpaka niseme na mtu. Sijui kama hiyo ni njia."

"Akili ni nywele, Kitinda. Kwani wewe kichwa chako umeazima?"

Siku walipofika kwenye sura ya mchumba, dada hakuguna wala hakuuliza. Alisikiliza mpaka yule bwana wa kwenye hadithi akageuka kuondoka mlangoni.

"Kitinda."

"Abee."

"Huyu mshonaji ni mimi."

Mkunga aliinamisha kichwa. "Ni wewe, dada."

"Na huyu bwana ni yule fundi wa redio aliyekuwa akinichumbia."

"Ndiye."

"Na unasema nilimkataa kwa ajili yako."

"Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Ulimwambia, nina mtoto wa kulea, siwezi. Dada, miaka yote hii..." Alishika ukingo wa kanga ya dada. "Kila nilipovaa sare, kila nilipofaulu mtihani, nilikuwa najiambia, hiki ni kile alichokikosa dada. Ndiyo maana nikataka kukiandika. Kukulipa."

Dada alicheka, kicheko kidogo kilichomalizikia kwenye kikohozi.

"Sasa mtu amesimama mlangoni na shati jipya, ulitaka nimwambie simtaki? Wewe ulikuwa kisingizio changu, mwanangu. Na kilikuwa kizuri, hakuna aliyekibishia. Yule fundi alikuwa mtu mwema, ila kila nikianza kusema jambo analimalizia yeye. Nikisema nataka kitambaa cha, yeye anasema cha kijani. Nikajiuliza, nitaishi naye mpaka uzeeni bila hata siku moja kufika mwisho wa maneno yangu? Nikarudi ndani, nikaketi kwenye cherehani yangu, na nakwambia, niliimba. Hukunisikia nikiimba?"

Mkunga alikumbuka. Alisikia. Miaka yote alidhani dada yake aliimba ili asilie.

"Umebeba mzigo usio na mwenyewe," dada alisema. "Utue chini."

Nje muuza magazeti alipita akitangaza habari za jana. Mkunga alihisi kitu kikimtoka kifuani na hakujua aweke nini mahali pake. Kumbe hadithi ilikuwa ikikataa kupangwa kwa sababu kila mara aliijenga juu ya sababu isiyokuwa ya kweli.

"Na huyu Bwana Mpango wako?" dada aliuliza.

"Naye anamalizia maneno yangu."

"Najua, nimemsikia. Lakini yule fundi nilipomfungia mlango alikwenda zake akiamini hana kosa. Huyu wako simu yake haipokelewi na bado anapiga. Mtu anayejua amekukosea si sawa na asiyejua. Mpigie."

"Kesho, dada."

Kesho hiyo haikuwa na nafasi. Alfajiri dada aliamka akihema kwa shida, uso umevimba. Figo zilikuwa zimechoka. Mkunga alimpeleka kwenye hospitali aliyokuwa akifanyia kazi, akamsukuma mwenyewe kwenye kitanda cha magurudumu kupita wodi yake, ambako wenzake waliinua macho na kuyashusha upesi. Dada alikaa huko siku chache. Alipopata nguvu aliuliza hadithi imefika wapi, na mkunga alimjibu kwamba mshonaji amerudi kwenye cherehani. Dada akasema, "Vizuri. Mwache hapo hapo ashone." Hakuamka tena kuuliza.

Mhariri alikuja msibani. Aliketi nje na wanaume wengine, shati jeusi, macho mekundu. Hakumfuata mkunga, hakujaribu kusema naye faragha. Alipanga viti, kwa kuwa hakuweza kuona viti vilivyokaa ovyo, na wakati wa kuondoka alisimama mbele yake, akasema, "Pole sana," basi. Rafiki mmoja aliyefanya kazi na mhariri ndiye aliyemwambia mkunga baadaye kwamba mhariri alimwendea mkurugenzi siku ileile ya ugomvi, akakiondoa kitabu, akakubali kuonekana mtu asiyejua kazi yake.

Majuma yalipita. Mkunga alijaribu kuimaliza hadithi peke yake. Alijifungia, akajisemea kwa sauti, akakielekea kile kiti kitupu na kukisimulia. Maneno yalitoka yakianguka palepale miguuni pake. Nyumba ilikuwa na kimya kinene, kimya cha mahali ambapo hakuna tena wa kusema "enhe". Jumamosi moja mchana aliichukua simu.

"Hujambo," alisema.

"Sijambo. Wewe?"

"Una nafasi leo?"

"Ninayo. Ya kufanya nini?"

"Ya kunyamaza."

Mhariri alikuja kwa miguu, akiwa na jasho, kola imefunguliwa. Mkunga alikuwa amevaa gauni la zambarau, kazi ya mwisho ya mikono ya dada yake kabla macho hayajamwacha. Hakumpeleka kwenye kiti cha dirishani. Alimvutia stuli ya jikoni, yeye mwenyewe akaketi sakafuni kwenye mkeka, mgongo ukutani.

"Mimi siwezi kuwa dada yako," mhariri alisema taratibu.

"Sikukuitia hilo. Nakuomba masikio tu. Ukiwa na neno la kunimalizia, limeze."

"Nitalimeza."

Akasimulia. Alimsimulia namna mshonaji alivyomsindikiza yule bwana mpaka mlangoni kwa adabu zote, akaegemea mlango uliofungwa, akasikiliza hatua zikififia, akashangaa kuona kwamba hahuzuniki. Alimsimulia habari za mtoto nyuma ya pazia aliyesikia nusu ya jambo akaijengea maisha. Mara moja mhariri alifungua mdomo, mkono ukaenda mfukoni kutafuta kalamu. Aliusitisha njiani, akaurudisha gotini. Mkunga aliona, na ilimbidi anyamaze kidogo kabla ya kuendelea, maana alijua mkono ule umetoka mbali kiasi gani kufika pale gotini.

Kisha akafika mahali ambapo hakuwa amefika na mtu. Mshonaji anakuwa mzee. Macho yanakwenda. Mdogo mtu anamsimulia hadithi yake mwenyewe, naye anaisahihisha. Hapo sauti ya mkunga ikapasuka, na kilio alichokuwa amekizuia tangu makaburini kikamjia chote, kibaya, cha kamasi na kwikwi. Mhariri alishuka kwenye stuli, akaketi karibu naye mkekani. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia yatapita. Alingoja, mpaka mkunga akajifuta uso kwa upindo wa gauni na kusimulia sehemu iliyobaki, fupi, mpaka mwisho.

"Ndiyo imeisha," alisema.

Mhariri alikunja kona ya mkeka, akaikunjua. Alipozungumza, alikuwa na kigugumizi ambacho mkunga hakuwahi kukisikia.

"Nataka kusema kitu. Sikukipanga. Nikikosea utanisamehe."

"Sema."

"Nataka, yaani, mimi nilitaka... Naomba unioe. Hapana. Naomba nikuoe. Eh! Naona aibu."

Mkunga alikuwa na maneno ya kumsaidia pale pale ulimini. Aliyaacha. Alimngoja ajikusanye.

"Nataka kuishi na wewe," mhariri alisema hatimaye. "Nitarudia makosa yangu, najua. Nitapanga hata visivyopangika. Uniambie, nitaacha, nitasahau, utaniambia tena. Lakini nataka niwe ninakusikiliza mpaka unapofika mwisho, maisha yangu yote."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ndiyo," mkunga alisema. "Nakubali. Sasa nyamaza, mpenzi wangu, niandike kabla haijapoa."

Akainuka, akaketi mezani, akavuta karatasi. Mhariri alibaki mkekani, magoti yamekunjwa, akiusikiliza mwendo wa kalamu. Ilikwenda mbio, ikasita, ikaenda tena. Jua lilishuka nyuma ya majengo, chumba kikaanza kufifia, na mkunga alikuwa ameinama juu ya karatasi bila kutambua kwamba giza linaingia. Mhariri akasimama polepole ili asimshtue, akapapasa ukuta wa nyumba ambayo hakuizoea, akawasha taa.